Shajara ya mradi: kuitambua hedi ya Datsun 280C yenye injini ya L28, Jinja

12 Januari 2025. Gari limechemsha

Datsun hii ni ya marehemu baba, 280C ya 1981. Injini yake ni L28, silinda sita kwa mstari mmoja, cc 2,753. Nimeanza kuandika kwa sababu magari ya aina hii bado yapo Jinja, Mbale na Kampala, na kila mwenye nalo anapitia peke yake yale ambayo mwenzake ameshayapitia. Atakayefuata nyuma yangu akute njia imefyekwa.

Mwaka mpya tulitoka Iganga jioni. Rejeta ilikuwa inavuja bila mimi kujua, na geji ya joto ilishakufa zamani. Nilipoona moshi mweupe nyuma, maji yalikuwa yameisha kitambo. Tulilivuta mpaka Walukuba. Asubuhi nikachomoa kijiti cha mafuta nikakuta rangi ya chai ya maziwa, yaani maji yameingia kwenye mafuta.

Hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda kwa juu, imefunguliwa leo. Kuna ufa kati ya viti viwili vya valvu kwenye silinda ya 4, na ukilaza rula ya chuma juu ya fesi (uso bapa wa chini wa hedi), fila geji, kile kibamba cha kupimia mwanya, ya milimita 0.40 inapita katikati. Kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa ni 0.10. Mzee wangu wa gereji, aliyemtengenezea baba gari hili tangu mimi nikiwa shule ya msingi, aliitazama akasema, "Mwanangu, hii tuizike." Rejeta imeshaunganishwa upya, shilingi 280,000, na geji mpya ya joto imefungwa.

Jambo moja nililiona leo na sikulipa uzito. Hedi za injini hizi zina alama ya herufi na tarakimu iliyochomoza kwenye aluminiamu, upande wa plagi, karibu na plagi ya kwanza. Kwenye hedi yetu sehemu hiyo ina kiraka cha kulehemu cha miaka mingi, alama haisomeki. Kwa hiyo sijui nimepoteza hedi gani.

25 Januari. Hedi ya kwanza ya kununua

Nimenunua Kampala, soko la Kisekka, shilingi 650,000. Muuzaji aliuliza injini gani, nikasema L28, akasema hii ni ya L28, imeshuka na kontena. Hakunidanganya. Imekatwa fesi kidogo kwa 100,000. Gasketi ya hedi 90,000.

9 Februari. Imefungwa, na gari halina nguvu

Gari linawaka na halichemshi tena. Lakini kilima cha kupanda Njeru, ambacho baba alikuwa anakipanda kwa gia ya tatu na watu watano ndani, mimi nimekipanda kwa gia ya pili nikiwa peke yangu. Kuna pia mlio wa tiki-tiki kwenye manifodi ya ekzosi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye hedi), injini ikiwa baridi na ikiwa moto.

Tulipoteza wiki nzima kwenye kabureta. Tukabadilisha pointi, waya za plagi, chujio la petroli. Halafu nikaazima geji ya kompresheni, inayopima shinikizo ndani ya silinda: silinda zote sita zinasoma kati ya psi 118 na 124. Hapo mzee akanyamaza. Silinda moja ikiwa chini, utatafuta valvu au ringi. Zikiwa chini zote sita na zinalingana namna ile, hakuna kilichoharibika. Kuna kitu hakikufanana.

16 Februari. Kupima ujazo wa chumba

Hii ndiyo kazi ambayo ningeifanya kabla ya kutoa senti moja, kwa hiyo naieleza polepole.

Hedi ya kontena imeshushwa tena. Nimeilaza kichwachini juu ya meza, fesi ikitazama juu, valvu zikiwa ndani na plagi zimekazwa. Fundi wa vioo amenikatia kipande cha plastiki ngumu inayoonyesha, upana wa kiganja, chenye tundu dogo pembeni. Unapaka grisi nyembamba kuzunguka chumba cha moto (bonde la hedi ambamo petroli huungua), unakandamiza plastiki, kisha unajaza chumba kupitia tundu kwa sirinji huku ukihesabu.

Mara ya kwanza nilitumia maji na sirinji ya cc 5. Vipimo vitatu vya chumba hicho hicho vilinipa 51, 55 na 52.5. Maji yanashikamana na plastiki na kuacha mapovu, na kila unapojaza sirinji ndogo upya kosa linaongezeka. Nikaenda duka la dawa nikanunua sirinji ya cc 60. Badala ya maji nikatia mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta mekundu ya gia ya otomatiki, ili macho yaone. Hedi nikaiinua upande mmoja kwa kipande cha mbao, tundu liwe juu kabisa, povu la mwisho likatoka kwenye tundu lenyewe. Ukiona wekundu umegusa plastiki pande zote bila duara jeupe hata moja, hapo soma.

Hedi ya kontena: 53.4, 53.8, 53.5, 53.6, 53.4, 53.7.

Hedi ya baba yenye ufa, ambayo nilikaribia kuiuza kwa wanaonunua chuma chakavu: 44.5 hadi 44.9 kwa vyumba vitano vilivyo salama.

Tofauti ni cc 9 kwa kila silinda. Hesabu yake ni hii. Pistoni ya L28 ina upana wa milimita 86 na inatembea milimita 79, kwa hiyo inafagia cc 458.9. Gasketi iliyokandamizwa mpaka milimita 1.2 inaacha kama cc 7. Pistoni zangu zina bakuli juu, nililipima kwa njia hiyo hiyo nikapata karibu cc 11. Kwa hedi ya baba, jumla ya juu ni 44.6 na 7 na 11. Ukiongeza 458.9 juu ya jumla hiyo, kisha ukagawanya kwa jumla hiyo hiyo, unapata mbano wa 8.3 kwa 1. Kwa hedi ya kontena unapata 7.4. Ndiyo sababu nilipanda Njeru kwa gia ya pili.

Nilisugua upande wa plagi kwa brashi ya shaba, nikapaka chaki juu ya herufi, nikafuta kwa kidole. Zilisomeka P79.

8 Machi. Alama zinavyosomwa

Wiki tatu hizi gari limekaa juu ya mawe nami nimekaa na daftari. Nimepima hedi zote za Datsun za silinda sita nilizoruhusiwa kuzigusa, gereji nne za Jinja na mbili za Mbale, nikalinganisha na vitabu vya kiwandani. Naandika yale tu niliyojiridhisha nayo.

P79 ilitoka na Datsun za michezo za 280ZX za 1981 hadi 1983 zisizo na tabo (turbo, kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi). Chumba ni kikubwa, cc 53.6, kwa sababu kiwanda kilikuwa kimebadilisha pistoni zikawa za juu bapa. P79 juu ya pistoni bapa ina mbano wa 8.8, injini nzuri kabisa. P79 juu ya pistoni za bakuli kama zangu ni injini iliyolala. Hedi haina kosa na pistoni hazina kosa, ila hazikuumbwa kukaa pamoja.

Itazame pia kwenye matundu ya moshi. P79 ina matundu ya duara yenye mkono wa chuma, yaani bomba jembamba, ndani, na N47 ya 280Z za mwishomwisho zilizouzwa Marekani iko hivyo hivyo. Manifodi yangu ni ya matundu ya mraba. Mlio wa tiki-tiki ulikuwa moshi unaopenya pale duara na mraba vinapokosana. Jicho langu liliona siku ya kufunga, mkono ukaendelea kukaza.

N42 ina matundu ya mraba yasiyo na mkono wa chuma, chumba cc 44.6, valvu ya kuingizia milimita 44 na ya kutolea 35. Iliyotoka kwenye gari la sindano (linalopuliziwa petroli badala ya kutumia kabureta) utaikuta imechongwa kidogo juu ya kila tundu la kuingizia, ili mafuta ya sindano yapite. P90 ni ya tabo: chumba kama cha P79, lakini matundu ya moshi ni ya mraba. E88 ilikuja na 240Z kuanzia 1971 ikafika mpaka 260Z, na inasumbua kwa sababu alama ni moja lakini vyumba si vya namna moja. Za mwanzo zina cc 44.7, za baadaye 47.8. Anayekuambia "nina E88" hajakwambia kitu mpaka aipime.

Kisha kuna E31.

22 Machi. Kisekka tena

Nilikwenda kutafuta N42. Pale sokoni biashara inafanywa kwa Kiganda, nami Kiganda changu ni cha kununulia ndizi, lakini kijana mmoja mwenye kibanda upande wa ndani alisikia lafudhi yangu akanijibu kwa Kiswahili cha Arua. Nikamweleza. Akaniambia, "Kaka, subiri," akapanda ngazi mpaka darini, akashuka na hedi nyeusi ya masizi akiwa ameikumbatia kama mtoto. "Hii ni ya Datsun ya rali. Mzee aliyeniachia kibanda alisema usiiuze kama chuma."

Niliomba brashi. Chaki ninatembea nayo mfukoni siku hizi. Herufi zilipotokea, E, kisha 3, kisha 1, nilikaa chini kwenye tairi.

E31 ndiyo hedi ya 240Z za mwanzo kabisa, 1970 hadi mapema 1971. Chumba chake ni kidogo kuliko vyote nilivyovitaja, cc 42.4, kimebanwa pembeni ili mchanganyiko usukumwe kuelekea plagi. Valvu ni 42 kwa 33. Hata kule yalikouzwa magari hayo kwa wingi ni hedi ya kutafutwa. Na kwa mtu wa Uganda 240Z si gari la kigeni. Mashindano ya rali ya Safari ya siku hizo yalikuwa yanavuka Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 1971 240Z ya Edgar Herrmann na Hans Schüller ilishinda, na wa pili, katika 240Z vilevile, alikuwa Shekhar Mehta, mtoto wa Kampala aliyezaliwa hapa 1945. Mwaka 1973 akashinda mwenyewe, msomaji ramani wake akiwa Lofty Drews. Baba aliyataja majina haya kila tulipofungua boneti.

Lakini nataka niwe mkweli kwa atakayesoma. Hakuna kitu kwenye hedi hii kinachoonyesha kwamba iliwahi kushindana. Hakuna namba ya timu, na matundu hayakupanuliwa wala kung'arishwa. Alama ya E31 inaniambia ilitoka kwenye injini ya aina gani na miaka gani, basi. Nikamwambia yule kijana kwamba sitalipa bei ya rali ila nitalipa bei ya E31, na nikamweleza E31 ni nini ili naye ajue alichokuwa nacho. Aliitisha milioni moja na laki mbili. Tulikubaliana 850,000, kwa sababu haikuwa na kemshafti, ule mhimili unaofungua valvu, wala vile vibebeo vitano vinavyoishika. Kuna mtu alishavifungua akaviuza. Nilijua hilo ni tatizo, sikujua ni kubwa kiasi gani.

Nilirudi nayo kwenye taksi, imefungwa ndani ya gunia, nimeilipia kiti chake.

5 Aprili. E31 inapimwa

Safari hii sikuamini herufi peke yake. Vyumba sita vilisoma kati ya 39.9 na 40.2, si 42.4. Nikapima unene wa hedi kwa venia (rula ya taya ya kupimia unene): kiwandani ni karibu milimita 108, hii ina 107.3. Basi iliwahi kukatwa fesi kama milimita 0.6, na ujazo uliopungua unalingana na hilo. Vipimo viwili vikikubaliana namna hiyo unaweza kulala.

Valvu: 42 na 33, kama inavyotakiwa. Matundu ya moshi ya mraba, hakuna alama za sindano. Ni E31 kweli.

Karakana ya mashine imefanya kazi kwa wiki moja: gaidi mpya (mirija inayoongoza valvu) za valvu zote 12, viti vipya vya chuma kigumu upande wa kutolea moshi, kusaga valvu, na kukata fesi milimita 0.15 tu. Viti vya zamani vilitengenezwa wakati petroli ikiwa na madini ya risasi yaliyovilinda, na huku kwetu petroli hiyo iliondoka mwanzoni mwa 2006, kwa hiyo sikutaka kubahatisha. Jumla 520,000.

Mbano kwa pistoni zangu za bakuli sasa unatoka 9.0 kwa 1. Nimefanya hesabu hiyo mara tatu, mara moja nikiwa na mzee pembeni anasoma tarakimu kwa sauti. Kama pistoni zingekuwa bapa ungepita 10 na nusu, na nisingethubutu kwa petroli ya vituo vya barabarani.

Neno kuhusu gasketi. Duka moja la Jinja liliniuzia gasketi "ya Datsun silinda sita, ni moja tu". Matundu ya bolti yalikaa sawasawa. Nilipoilaza juu ya bloku nikaona mdomo wa chuma umeingia ndani ya silinda pande zote: ilikuwa ya L24, ya silinda ya milimita 83, na yangu ni 86. Ingewaka moto ikaungua ndani ya siku chache. Walinirudishia pesa bila maneno. Seti sahihi imetoka Nairobi kwa basi kupitia Busia, 260,000 na usafiri ndani.

19 Aprili. Cheni imeanguka

Kabla ya kuchomoa gia ya kemshafti kwenye injini hizi, unashusha kabari ya mbao katikati ya cheni inayoizungusha, ndani ya kava ya mbele, ili tenshona, kifaa kinachokaza cheni, isichomoke. Mara mbili za kwanza niliiweka mwenyewe. Safari hii P79, iliyokuwa imerudishwa juu ya injini kwa muda, ilikuwa inashushwa kwa mara ya mwisho, nami nilikuwa nimetoka kuswali. Niliporudi, kijana wa gereji alikuwa ameshika gia mkononi, anatabasamu, kazi imekwenda haraka. Chini ya kava kulisikika tiki moja. Ilikuwa tenshona.

Sikumfokea, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Ila ilibidi kushusha rejeta, puli ya kranki, pampu ya maji na kava nzima ya mbele. Siku mbili zikapotea, na 60,000 za gasketi na silikoni. Jioni nilimchongea kabari yake mwenyewe kwa mbao ya mvule, ndefu kama mkono mpaka kiwiko, nyembamba chini, na tundu juu la kupitisha kamba ili isizame. Ameitundika ukutani.

3 Mei. Vibebeo vya kemshafti

Hapa ndipo nilipolipia ile bei ya 850,000.

Kiwandani vibebeo vitano hutobolewa pamoja vikiwa vimefungwa juu ya hedi yao, kwa mstari mmoja. Ndiyo maana vitabu vinaonya usivifungue. Vya E31 vimepotea. Nilichukua vya hedi ya baba pamoja na kemshafti yake, nikavifunga juu ya E31 kwa mpangilio ule ule, nikakaza. Kemshafti haikuzunguka. Hata kwa spana ilikuwa inakwenda robo na kukwama.

Mzee alisema tulegeze boliti zote. Zikiwa zimelegea, kemshafti ilizunguka kwa vidole viwili. Hapo tukajua vibebeo vyenyewe ni vizima, ila vinavutana. Tukaanza na cha katikati: kaza kidogo, zungusha, gonga ubavuni kwa nyundo ya mpira, zungusha tena, usikilize mkono unasema nini. Kisha cha pili, cha nne, halafu vya mwisho. Kilichokuwa kinabana kilikuwa cha mwisho nyuma. Tulikifungua mara nne. Mara ya nne niliona ukungu wa takataka chini yake, kama unga wa silikoni ya zamani, hauzidi unene wa karatasi. Tulipokwangua na kufuta kwa petroli, kemshafti ikazunguka kwa mkono mmoja bila kukwama popote, boliti zote zikiwa zimekazwa.

Kwa hiyo kabla ya kusema vibebeo havikubali, safisha mara mbili pale vinapokalia.

Kemshafti za injini hizi hulainishwa kwa njia mbili. Nyingine ina tundu kwenye kila yai (uvimbe wa kemshafti unaosukuma valvu) na mafuta yanapita ndani yake, nyingine haina na inategemea bomba la kunyunyizia lililofungwa juu ya vibebeo. Ya baba haina matundu. Bomba lake lilikuwa limepasuka kwenye kiungio, fundi wa shaba akaliunganisha, na pamoja na sili za valvu nimetumia 70,000. Anayechanganya kemshafti na vibebeo vya hedi tofauti aangalie hilo kabla ya kitu kingine, kwa sababu ukikosa vyote viwili mayai yatakwisha mapema sana.

Mwisho tulipaka wino wa kalamu nene kwenye kila roka (kijimkono kati ya yai na valvu), tukazungusha, tukatazama yai limefuta wapi. Yote 12 yamefuta katikati. Mzee aliitazama ya mwisho muda mrefu kuliko zote.

17 Mei. Inawaka

Boliti 14 za hedi zimekazwa kwa hatua tatu: kilo-mita 4, kisha 6, kisha 8, kuanzia katikati kwenda nje. Nafasi za valvu zimewekwa milimita 0.20 za kuingizia na 0.25 za kutolea injini ikiwa baridi, zitarekebishwa kuwa 0.25 na 0.30 ikiwa moto. Waya za plagi zimepangwa kwa mfuatano wa kuwaka wa silinda, 1-5-3-6-2-4.

Iliwaka kwa mfunguo wa pili. Kompresheni sasa psi 162 hadi 168.

Lakini chini ya mizunguko 2,000 ilikuwa nzito, kama mtu aliyeamshwa. Nilidhani ni kabureta tena, halafu nikakumbuka Februari. Nikafungua kifuniko cha valvu, nikaleta pistoni ya kwanza juu, nikatazama nyuma ya gia ya kemshafti kupitia tundu lake. Kuna mkato mdogo kwenye gia na mstari kwenye bamba la nyuma, vinakuambia kama kemshafti imechelewa. Ilikuwa imechelewa. Sababu ni fesi iliyokatwa: hedi imeshuka milimita 0.75 kwa jumla, cheni imepata ulegevu, na ulegevu huo unairudisha kemshafti nyuma. Cheni iliyochakaa inafanya hivyo hivyo.

Kiwanda kilishaliwaza hilo. Gia ina matundu matatu ya pini yenye namba 1, 2 na 3, kila moja inaisogeza kemshafti mbele nyuzi 4. Nilikuwa kwenye 1, nikahamia 2, kabari ikiwa ndani ya cheni na kijana wetu ndiye aliyeishika. Mkato ukarudi upande wake. Njia nyingine ni kuweka vipande vya unene chini ya vibebeo ili kuinua kemshafti, lakini baada ya kazi ya tarehe 3 sikuwa tayari kuvigusa tena.

Gari limeamka.

14 Juni. Jinja hadi Kampala na kurudi, na hesabu

Mzee alikaa mbele. Kilima cha Njeru kwa gia ya tatu. Msitu wa Mabira kulikuwa na mvua nyepesi, na geji ya joto haikusogea kutoka katikati mpaka Mukono. Baada ya Lugazi nilikanyaga nikisikiliza kama inagonga. Kwenye gia ya nne, mwendo mdogo, kulikuwa na kugonga kidogo, nikasimama kando nikarudisha taimingi (wakati wa cheche ya plagi) kutoka nyuzi 10 hadi 8, ikanyamaza.

Jaribio la kwanza: hedi ya P79 650,000, kukata fesi 100,000, gasketi 90,000, mafuta na maji ya rejeta 165,000, ufundi 150,000. Jumla 1,155,000, na yote hayo yangeepukika kwa sirinji, kipande cha plastiki na nusu siku juu ya hedi ya baba.

Jaribio la pili: E31 850,000, karakana 520,000, seti ya gasketi 260,000, mafuta tena 140,000, bomba na sili 70,000, kava ya mbele 60,000, ufundi 200,000, nauli na boda 115,000. Jumla 2,215,000. Pamoja na rejeta, mradi wote umefika shilingi 3,650,000.

P79 imesafishwa, imepakwa mafuta na iko kwenye gunia kavu gereji ya Walukuba, na nimeiandikia kwa rangi: "cc 53.6, pistoni bapa tu, ekzosi ya duara." Mwenye 280ZX ya pistoni bapa aje tuzungumze. Hedi ya baba sikuiuza. Nimeona chini ya kile kiraka cha kulehemu kuna ncha ya mstari mmoja ulionyooka wa herufi, na cc 44.6 yenye valvu ya 44 na ya 35 inanielekeza kwenye N42. Nitakikwangua kiraka hicho polepole kwa tupa, bila grainda, mvua zikipungua.

Yule kijana wa Kisekka amepiga simu. Ana kemshafti darini, haijui ni ya nini. Nimemwambia atazame kama mayai yana matundu.